Safari ya Mnyama ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia wanyama wa mifugo tukapata kwao maziwa, nyama na ngozi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufundisha huruma kwa kila chenye roho.

Ama baada ya hayo, somo letu la leo limetokana na swali. Baadhi ya ndugu zetu wa darasa walikuwa na safari ya Meru na Embu. Wakiwa njiani kurudi walisimama Chuka kunywa chai, na hapo palikuwa na lori lililotoka upande wa Isiolo, limepakia ng'ombe na mbuzi pamoja, mbuzi wakiwa chini ya matumbo ya ng'ombe. Utingo alifungua ubao wa nyuma, akamvuta mbuzi mmoja kwa mguu, akambwaga chini. Mbuzi yule alikuwa amelegea na macho yamemgeuka. Mwenye mali, naye ni Mwislamu kama sisi, alishuka mbio na kisu mkononi, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akamkata. Damu ilitoka kidogo tena nzito, wala mbuzi hakurusha mguu. Kisha akawageukia ndugu zetu, akatabasamu, akasema, "Alhamdulillahi, tumemuwahi." Nyama ikauzwa pale pale kwa mwenye hoteli.

Ndugu zetu waliporudi waliuliza darasani: Je, nyama ile ni halali? Tulipolizingatia swali hilo tuliona nyuma yake liko swali kubwa zaidi, nalo ni hili: Mbuzi yule alifikishwaje katika hali ile, na ni nani atakayeulizwa habari zake?

NJIA YA MERU NA EMBU

Sisi watu wa pwani twaijua Meru kwa miraa na viazi, na wachache wetu hufikiri habari za wanyama wapitao huko. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, malori ya mifugo kutoka Marsabit na mpaka wa Ethiopia yamekuwa mengi. Baadhi yao huiacha njia ya Nanyuki, yakashika ile inayozunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki: Meru, Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, Embu, kisha yakateremka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea kuelekea Nairobi. Mbuzi wa Mbeere nao hutoka katika soko la Ishiara wakaingia katika safari hiyo hiyo.

Njia hiyo ni ya milima na mabonde. Mito inayotoka mlimani imechimba makorongo marefu, na barabara huteremka hadi darajani kisha ikapanda tena kwa kupinda. Daraja la Nithi limepata sifa mbaya kwa ajali za binadamu. Mtu aliyeketi kitini hushika chuma asianguke. Basi mnyama asiye na mkono wa kushikia, aliyesimama juu ya sakafu yenye utelezi wa mavi na mkojo, atafanyaje lori linapopinda? Huteleza, akaanguka, na mwenziwe akamkanyaga. Tena alipakiwa katika joto la Isiolo, naye hupita usiku katika baridi ya milima. Na akiletwa mpaka kwetu Mombasa, safari yake kutoka Meru ni kiasi cha kilomita 700, mwisho wake akashukia katika joto la pwani.

Huko huko Meru yako mambo mengine yanayofaa kutazamwa. Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianza kazi ya mbuzi wa maziwa katika Meru na Tharaka. Mbuzi wa mbegu ya Toggenburg, ambao asili yao ni Uswisi, waliletwa kutoka ng'ambo wakachanganywa na mbuzi wa kienyeji. Wafugaji wa Meru wakaunda chama chao, wakaandika nasaba za mbuzi wao daftarini, na sifa zao zikaenea hata watu wa nchi jirani, kama Uganda, wakaja kununua. Mbuzi wa namna hii aendapo ng'ambo ya mpaka hupimwa na daktari wa mifugo, huandikiwa cheti, hutandikiwa nyasi, hupewa maji, na mtu hufuatana naye. Kwa nini? Kwa sababu bei yake ni kubwa, na akifa mwenyewe amepata hasara.

Lakini mbuzi wa nyama, aliye katika barabara ile ile na mwenye roho kama ya yule, hutupwa juu ya lori kama gunia. Je, huyu haoni kiu? Mifupa yake si mifupa? Twaona basi kuwa huruma hii haikumfuata mnyama, ila imefuata bei. Na huruma inayofuata bei ni hesabu ya duka, haijawa huruma bado.

JAWABU LA SWALI

Katika Sura ya al-Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ametuharimishia nyamafu. Kisha akataja kwa majina namna za kufa ambazo mnyama wake haliwi: aliyekufa kwa kunyongeka, aliyekufa kwa kupigwa, aliyekufa kwa kuanguka, na aliyekufa kwa kupigwa pembe. Msomaji, tusimame hapa tuzingatie. Wengi wetu tumeisoma aya hii tukadhani ni habari za mbuzi aliyeanguka jabalini zamani huko Bara Arabu. Sasa itazame pamoja na lile lori. Mbuzi aliyebanwa chini ya ng'ombe hata akakosa pumzi amenyongeka. Aliyepigwa fimbo ya kichwa ili apande amepigwa. Aliyetupwa kutoka juu ya lori ameanguka. Mbuzi aliyechanganywa na fahali wenye pembe amepigwa pembe. Namna hizi nne zimekusanyika katika lori moja.

Aya hiyo imemtoa katika uharamu yule tutakayemuwahi kwa kumchinja. Lakini kuwahi kuna sharti. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa mnyama aliyefikwa na sababu ya kumuua, kama pigo au kuanguka, hahalaliki ila akichinjwa hali uhai wake ungali thabiti. Na katika alama za uhai huo ni kujirusha kwa nguvu baada ya kukatwa, na damu kufoka. Ikiwa pana shaka kama uhai ule ulikuwapo, nyama ile huachwa. Mgonjwa aliyeugua tu hukumu yake ni nyepesi zaidi. Lakini mbuzi wa Chuka hakuugua, alikanyagwa. Hakurusha mguu, na damu yake haikufoka. Basi jawabu letu ni kuwa nyama ile haifai kuliwa, na bei yake haifai kupokewa, na mwenye hoteli aliyeuziwa bila ya kuambiwa amefanyiwa khiyana, pamoja na kila aliyekula kwake.

Tena tusidhani kuwa lau angewahiwa kweli, jambo lingekwisha. Uhalali wa nyama ni jambo moja, na dhambi ya kumtesa mnyama ni jambo jingine. Yawezekana sahani ikawa halali na mwenye mali akawa na deni mbele ya Mola wake.

WALIYOYASEMA WAKUBWA WETU

Huenda mtu akasema, "Haya ya kumhurumia mnyama safarini ni mambo ya Wazungu." Maneno haya twayasikia sana, na msemaji wake hajafungua vitabu vyake mwenyewe. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wasafiri wakipita penye majani wawape ngamia haki yao katika ardhi hiyo, na wakipita penye ukame waende upesi kabla nguvu za wanyama hazijakwisha. Hiyo ni kanuni ya uchukuzi: pumzisha na lisha panapowezekana, na pasipowezekana usicheleweshe. Tena twajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Lori lililofungwa ubao wake ni kama nyumba ile iliyofungiwa paka.

Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyefariki mwaka 720, yahadithiwa kuwa alipata habari ya ngamia wa Misri kutwishwa ratili 1,000. Akamwandikia liwali wake kuwa asisikie tena ngamia ametwishwa zaidi ya ratili 600. Kiongozi wa dola kubwa aliweka kipimo cha mzigo kwa hesabu.

Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1058, ameeleza kazi za muhtasibu, yule msimamizi wa masoko na mambo ya watu. Miongoni mwa kazi hizo ni kuwazuia wenye wanyama wasiwatumie kupita nguvu zao, na kuwazuia wenye vyombo wasipakie zaidi ya uwezo wa chombo wala wasisafiri pepo zinapochafuka. Izzud-Din bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 1262, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe. Alisema alishwe hata kama amezeeka au ni mgonjwa asiye na faida, asitwishwe asichokiweza, wala asiwekwe pamoja na mnyama atakayemvunja, kumpiga pembe au kumjeruhi. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa misikitini mwetu siku zote, imeandikwa kuwa mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha, na akikataa, kadhi humlazimisha. Wangapi katika sisi tumeisoma Minhaj tukauruka ukurasa huo, tukidhani hauna mtu wa leo?

KANUNI ZA LEO

Sasa tutazame yale ambayo mataifa yameyaandika. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoundwa mwaka 1924, lilipitisha mwaka 2005 miongozo ya kusafirisha wanyama kwa nchi kavu, kwa bahari na kwa ndege. Yaliyo makubwa ndani yake ni haya:

1. Mnyama akaguliwe kabla ya kupakiwa. Asisafirishwe aliye mgonjwa au aliyejeruhika, asiyeweza kusimama, wala kipofu wa macho yote mawili. Asisafirishwe mtoto ambaye kitovu chake hakijapona. Asisafirishwe mwenye mimba iliyofika sehemu yake ya kumi ya mwisho. Mbuzi hubeba mimba kiasi cha siku 150, basi maana yake ni kuwa asipelekwe katika zile siku 15 za mwisho. Wala aliyezaa asiondolewe bila ya mtoto wake kabla ya saa 48 kupita.

2. Wasiojuana na wasiopatana wasichanganywe, na wenye pembe watengwe na wasio nazo.

3. Wapandishwe kwa mteremko wa mbao usioteleza. Wasipigwe, wasisokotwe mikia, wasivutwe kwa pembe wala miguu, wala wasitupwe.

4. Safari ipangiwe kabla haijaanza: njia, mahali pa maji, muda wa kupumzika, na mtu mwenye ujuzi atakayewatazama.

Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake nambari 1 ya mwaka 2005, uliweka saa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi husafiri saa 14, kisha hupumzishwa na kunyweshwa muda usiopungua saa 1, kisha saa 14 nyingine, kisha hushushwa wapumzike saa 24. Na mwaka 2015 mahakama ya umoja huo iliamua kuwa kanuni hizo hazikomi mpakani, ila humfuata mnyama aliyetoka Ulaya mpaka mwisho wa safari yake, hata akiwa katika nchi nyingine.

Hapa Kenya hatukukosa sheria. Iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, inayomtia hatiani mtu anayemchukua mnyama kwa namna ya kumletea mateso yasiyo ya lazima, na mwaka 1984 zilitungwa chini yake kanuni za uchukuzi wa wanyama. Tena mwenye mifugo hana ruhusa ya kuihamisha bila ya kibali cha ofisi ya mifugo. Lakini sheria iliyo kabatini haimfungulii mbuzi ubao wa lori. Askari wa njiani hutazama kibali kimeandikwa mbuzi wangapi, na ni nadra kuuliza wamekunywa maji lini.

Sasa yalinganishe hayo na yale ya wakubwa wetu. Izzud-Din alisema wenye kudhuriana wasiwekwe pamoja, na kanuni ya 2005 imesema hivyo hivyo. Umar aliweka kipimo cha ratili, na wao wameweka kipimo cha saa. Wenzetu hawakutuletea jambo geni. Wameliokota tuliloliangusha.

NA BAHARINI

Mwenye kudhani hayo ni madogo na atazame baharini, maana safari ya nchi kavu ndiyo mwanzo wa safari ya ng'ambo. Pwani ya Afrika ya Mashariki na bandari za Uarabuni zimefanya biashara ya mifugo karne nyingi. Wasomali peke yao walipeleka Ghuba wanyama kiasi cha milioni 5 katika mwaka 2014, na wingi wao huwa ni kwa ajili ya Hija na Idi. Sisi ndio walaji, na sisi ndio wauzaji.

Mwaka 2003 meli iitwayo Cormo Express ilitoka Australia na kondoo zaidi ya 57,000. Saudia ikawakataa, ikisema wana ugonjwa wa midomo. Meli ikazunguka baharini wiki nyingi katika joto bila ya bandari ya kuwapokea, na zaidi ya kondoo 5,000 wakafa, hata Eritrea ikawapokea waliobaki katika bandari ya Massawa mwezi wa Oktoba. Na mwezi wa Juni 2022 meli iitwayo Badr 1 ilizama katika bandari ya Suakin, Sudan, ikielekea Saudia. Ilichukua kondoo kiasi cha 15,800, na uwezo wake, kama walivyosema wakuu wa bandari, ulikuwa 9,000. Mabaharia waliokoka, na kondoo wengi mno walizama.

Sisi ni watu wa vyombo. Mtoto wa Lamu ajua kuwa jahazi likipakiwa kupita kiasi ni wajibu wa nahodha kukataa. Kondoo wale walikuwa njiani kwenda nchi takatifu katika majira ya Hija. Maneno ya al-Mawardi kuhusu kupakia chombo yamekaa vitabuni karibu miaka 1,000. Ni nani aliyeyasoma siku ile bandarini?

Baadhi ya nchi zimeamua kuufunga mlango huu kabisa. New Zealand ilikomesha kuwapeleka mifugo kwa bahari mwezi wa Aprili 2023, na Uingereza ikatunga sheria mwaka 2024 ya kuzuia mifugo kutolewa nchini ili wakachinjwe nje. Sisi hatusemi kuwa biashara hii ni haramu, kwani Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara. Lakini twasema kuwa inapowezekana mnyama achinjwe karibu na alipolelewa, na nyama ndiyo isafiri katika baridi. Nyama haioni kiu.

PINGAMIZI NA MAJIBU

Wako wanaosema, "Mnyama huyu anakwenda kuchinjwa, ana haja gani ya kupumzishwa?" Twajibu kuwa hadithi ya Shaddad bin Aus (R.A.), iliyo katika Sahihi Muslim, iliyoamuru kisu kinolewe na mnyama astareheshwe, inamhusu huyo huyo anayekwenda kuchinjwa. Kama Sharia imemwonea huruma katika dakika yake ya mwisho, itamwachaje katika siku mbili zilizotangulia? Sisi tumekishika kisu tukaisahau njia. Twamuuliza mchinjaji alielekea wapi, wala hatumuulizi mchukuzi alifunga vipi.

Wengine husema, "Gharama itazidi. Lori lililopakia mbuzi wachache halilipi." Pingamizi hili lina ukweli, wala hatulipuuzi. Mchuuzi wa Ishiara au wa Isiolo si tajiri. Lakini na ahesabu sawasawa. Mbuzi anayekufa njiani ni hasara ya mzima. Anayefika amekonda kwa kiu amepoteza uzito uliolipiwa. Nyama ya ng'ombe aliyechoka na kufadhaika huwa nyeusi na kavu, nayo huharibika upesi, na penye pigo pana damu iliyoganda ambayo mchinjaji huikata akaitupa. Tena sehemu ya lawama ni yetu sisi wanunuzi. Sisi tunapobisha bei ya mbuzi wa Idi mpaka mchuuzi asibakiwe na kitu, ndipo na yeye huitafuta faida yake kwa kushindilia wanyama katika lori.

YATUPASAYO

Kwa mfanya biashara: kagua kabla ya kupakia, na umwache nyuma asiyeweza. Tenga mbuzi na ng'ombe. Tandika mchanga na nyasi ili wasiteleze. Chukua maji, na upange mahali pa kusimama. Mwambie dereva apunguze mwendo katika mapindi ya Chuka na Nithi, wala usimlipe kwa kuwahi soko. Na aliyekufa njiani azikwe, asipewe mtu sahani yake.

Kwa mwenye kununua: usitosheke kuuliza, "Amechinjwa na nani?" Uliza pia, "Amekujaje?" Mtazame mbuzi wa Idi: je, anasimama, au ana jeraha la kamba, au amevunjika? Mwenye kilema kilicho dhahiri hafai hata kwa udhhiya, na lori lamharibu aliyekuwa mzima.

Kwa maimamu na walimu: hutuba ya Idi husemwa kila mwaka habari za umri wa mbuzi na mgawanyo wa nyama. Na itajwe safari yake pia.

Yule mtu wa Chuka alisema, "Tumemuwahi." Twamwombea msamaha, na sisi pia twajiombea, maana wengi wetu tumekula bila ya kuuliza. Lakini kumuwahi mnyama ni kumpa maji Isiolo, na nafasi ya kusimama kabla lori halijaondoka. Aliyengoja mpaka Chuka, na kisu mkononi, hakumuwahi. Amechelewa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kurehemu ili nasi turehemiwe, na atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe nguvu za kuifuata. Amin.